Usizime Kompyuta Yako

Mfumo wa zamani wa kompyuta yetu nilikuwa naujua kama ninavyoijua njia ya msalani gizani. Sikuhitaji hata kutazama. Kitufe cha kuanzia kilikaa pembeni chini, programu zilijipanga kwa mpango niliouzoea, na kama kitu kimekwama nilijua mahali pa kubonyeza ili kikwamuke. Haukuwa mfumo wa haraka. Ukiwasha asubuhi unaweza kwenda kununua chai kwa mama wa jirani, ukarudi, ukaikuta bado inajinyoosha. Lakini tulielewana.

Kibanda chetu kilikuwa Kator, mtaa mmoja wa Juba, kando ya barabara inayoshuka kutoka kanisani, kimebanwa kati ya kinyozi na huyo mama wa chai. Mwenyewe alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama. Mimi shule niliiachia njiani kule Uganda tulikokimbilia, darasa la pili la sekondari, na tuliporudi Juba mjomba akasema: basi kaa hapo, wewe vidole vyako vyepesi. Nikakaa. Nilichapa barua za watu, nikatoa fotokopi, nikapiga picha za vitambulisho mbele ya shuka jeupe. Ila kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kadi za salamu.

Miaka ile ya vita, miji mingi ya kaskazini, huko mto unakoelekea, haikuwa na mtandao wa simu. Minara ilikuwa imeungua au imenyamaza tu. Kilichofika kule ni tishari, zile boti bapa ndefu zinazosukumwa na boti ya injini, zinazobeba unga na watu kutoka bandarini kwetu. Na karibu kila nyumba kule ilikuwa na redio ndogo ya Kichina yenye tundu la kadi ndogo ya kuhifadhia sauti ubavuni. Kwa hiyo watu walikuja kwetu wakaketi kwenye benchi, familia nzima, wakasema salamu mmoja baada ya mwingine. Mimi ninarekodi, ninaigeuza sauti iwe ya aina inayosomwa na redio, ninaitia kwenye kadi, na kadi inapanda tishari. Mtu anaanza, "Sisi iko salama, mbuzi amezaa," halafu anakumbuka anaongea na nani, anaanza kulia, mwingine anampokonya maikrofoni. Kila kadi niliijaribu kwanza kwenye redio yetu ya kibandani kabla haijatoka mlangoni.

Nilikuwa nikiota kwamba siku moja nitakuwa na stesheni yangu. Redio ya mto mzima. Nilishachagua hata wimbo wa kufungulia matangazo.

Basi akaja fundi. Alikuwa shemeji yake mjomba, kijana aliyesomea kompyuta Kampala, amevaa viatu vilivyochongoka mbele. Akawasha kompyuta yetu, akatazama, akacheka kwa huruma kama daktari.

"Mfumo huu bado mnautumia?"

"Unafanya kazi," nikamwambia.

"Dada, huu umekufa. Hata waliouunda wameutupa."

Mjomba akasogea. "Umekufa vipi na jana umetoa fotokopi?"

"Shemeji, nakuwekea mpya. Ni kama kupata kompyuta nyingine bila kununua kompyuta."

Hapo ndipo alipompata mjomba. Kinyozi wa jirani, kijana aliyekulia Kenya na ambaye Kiswahili chake kilikuwa na Nairobi ndani, alichungulia na mashine yake ya kunyolea mkononi. Fundi akamwambia, "Na ile laptopu yako pia lete."

"Mimi? Wacha wewe. Laptopu ni mzee wangu, anapiga ngoma tu, hana stress. Mambo ya mpya sitaki."

Mchana mzima fundi akafuta na kuweka. Nyimbo tulizokuwa tukiuza alizihifadhi, hilo nimshukuru. Programu zangu zote zikaenda, pamoja na ile ndogo ya kugeuza sauti. Nilipomuuliza, akasema mpya ina kila kitu ndani yake, nisijali. Kesho yake akarudi Kampala na basi.

Niliwasha peke yangu. Skrini ikajaa vibao vya rangi, vyekundu, vya kijani, vya buluu, vinapepea vyenyewe kama vitenge vilivyoanikwa kwenye upepo. Vizuri kwa macho. Lakini kitufe cha kuanzia hakipo! Nikatafuta chini, juu, nyuma ya vibao. Mteja wa kwanza alitaka barua ya kuomba ruhusa kazini. Nikaanza kuchapa, kipanya kikagusa kona, barua ikapotea, ikatokea hali ya hewa ya mji nisioujua. Kule kulikuwa na theluji.

"Ruhusa yangu iko wapi?" mteja akauliza.

"Inakuja, ndugu."

Haikuja. Akaenda kuandika kwa mkono kwenye benchi la mama wa chai.

Printa nayo, ambayo ilikuwa imekaa pale miaka, mfumo mpya ulisema hauijui. Nikachomoa, nikachomeka. Hauijui. Niliambiwa niingie kwenye intaneti ili watambulishane, na intaneti yenyewe ilikuwa ile ya simu yangu, ya kununua kidogo kidogo. Ikanywewa yote kabla printa haijatajwa. Na kuzima! Siku tatu za kwanza sikuona mahali pa kuzimia. Jioni mjomba alikuwa anafunga jenereta tu, kompyuta inazimika kwa aibu, na asubuhi inanilaumu kwa maandishi marefu.

"Si umezoea sasa?" mjomba akaniuliza mwisho wa wiki.

"Mjomba, turudishe ule wa zamani."

"Ya biniya, binti wee, watu wanaenda mbele, wewe unataka nyuma." Akaifuta skrini kwa leso, kwa upendo kabisa. Yeye hakuwa anaitumia.

Niliingia msalani, nikalia kidogo, nikanawa, nikarudi. Mimi siwezi kukasirika kwa muda mrefu, uso wangu unachoka.

Wiki hiyo hiyo ndipo alipokuja haboba. Haboba ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiarabu cha Juba, na huyu alikuwa bibi wa watu wengine, lakini nilimjua kwa sababu alikuwa akinunua kwetu nyimbo za kanisa. Alitoka Lemon Gaba kwa miguu, mbali, na kifurushi kichwani. Alishusha, akakaa, akavuta pumzi, ndipo akasalimia.

"Binti yangu, mimi iko na jina ya kutuma."

Binti yake wa pekee alikuwa kaskazini, katika mji mmoja wa mtoni ambako vita vilimkuta. Mtu wa tishari alileta habari kwamba amejifungua mtoto wa kike. Lakini mtoto hana jina. Kwa ukoo wao, jina la mtoto wa kwanza linatoka mdomoni mwa bibi mzaa mama, na sikio la kwanza kulisikia lazima liwe la mama mtoto. Likipita kwanza kwenye sikio la mtu mwingine, limeshakuwa la huyo mtu. Kwa hiyo hakuweza kumwagiza mpishi wa tishari, wala kuliandika, kwa sababu la kuandikwa husomwa na yeyote.

"Wanamwita nini sasa?" nikauliza.

"Wanasema 'wewe'. Mtoto mzima, anaitwa 'wewe'." Akatikisa kichwa. "Tishari inatoka kesho asubuhi. Ile ingine, nani anajua itaenda lini? Barabara ya mto ikifungwa, huyu mtoto ataota meno hana jina."

Ndani ya kifurushi kulikuwa na redio mpya ndogo, nyekundu, amemnunulia binti yake, na kadi ya kutia ndani.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kwa furaha, kwa sababu katika vile vibao vya rangi nilikuwa nimeona kimoja chenye picha ya maikrofoni. Kitu cha kwanza katika mfumo ule kilichonifurahisha. Unabonyeza, kinarekodi. Kwisha.

"Utaanza na salamu, halafu jina mwisho," nikamwelekeza.

"Hapana. Utamsalimu mtu bila jina? Jina kwanza." Akanitazama. "Na wewe utatoka inje."

Nikabonyeza, nikampa maikrofoni, nikatoka, nikasimama mlangoni na vidole masikioni. Kinyozi aliniona akaacha kumnyoa mteja wake.

"Sista, hiyo ni nini? Unaogopa bomu?"

"Nyamaza! Na wewe ziba masikio!"

"Mimi nizibe, na hii kichwa nitanyoa na nini?"

Ndani haboba aliongea muda mrefu, kisha akaita kwa sauti kubwa, "Biniya! Njoo, hii kitu inanitazama!" Alikuwa amegusa kipanya na vibao vyote vimerudi vinapepea. Nikaingia mbio. Lakini rekodi ilikuwepo. Nikaihamisha kwenye kadi, nikaona alama ya noti ya muziki, nikafurahi. Kuijaribu kwenye redio yetu sikuweza, kwa sababu jina lilikuwa mwanzoni kabisa, na sikio lilikuwa langu. Haboba mwenyewe alitia kadi kwenye redio nyekundu, akaifunga kwenye kitenge.

Asubuhi nilimsindikiza bandarini kwa sababu kifurushi kilikuwa kimeongezeka: sufuria, sabuni, nguo za mtoto. Bandari ilikuwa imejaa magunia na kelele, tishari bado inapakiwa. Kwenye kizuizi kabla ya gati alikaa mwanajeshi kijana, mrefu, na kiti cha plastiki kimemzidi ufupi. Kila kitu kilichopanda kilifunguliwa mbele yake. Siku zile kitu chochote chenye betri kilitiliwa shaka.

"De shunu?" akauliza, akiinua redio nyekundu. Hiki ni nini.

"Redio, mwanangu," haboba akamjibu.

"Iongee nijue ni redio."

Haboba akamshika mkono. "Hapana. Hiyo usiwashe."

Hilo si neno la kumwambia mwanajeshi. Akasimama. "Kwa nini nisiwashe?"

"Iko na jina ndani yake! Wewe si mama wa mtoto!"

"Jina ya nani?"

"Kama nitakuambia, si utakuwa umesikia?"

Watu nyuma yetu wakaanza kucheka, na kicheko kikamkasirisha. Nikajaribu kuingilia, "Kaka yangu, tafadhali, ni mambo ya mila," lakini kidole chake kilikuwa kimeshasukuma swichi. Haboba akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nikaziba masikio. Taa ndogo ya redio ikawaka, namba zikamulika, kadi ikatafutwa.

Kimya.

Redio ikalia kidogo, pii, ikaandika kwamba haina kitu, ikahamia yenyewe kwenye stesheni ya mjini. Mtu alikuwa anatangaza sabuni.

"Si redio tu," mwanajeshi akasema, akamrudishia. "Pita, haboba."

Haboba akaruka, mtu mzima vile. "Umeona? Mungu ameziba mdomo wake! Jina limekataa kutoka mbele ya huyu!" Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Akanikumbatia.

Na mimi nilikuwa nimesimama kama mti wa umeme, kwa sababu nilijua si Mungu. Ni kile kibao cha maikrofoni. Kilikuwa kimehifadhi sauti kwa aina yake mpya, aina ambayo redio ndogo haijui kuisoma. Kwa ule mfumo wa zamani nisingehifadhi hivyo, ningegeuza kwanza. Redio ingefika kule, mama wa mtoto angeketi na majirani, angewasha, na angesikia tangazo la sabuni, au mvumo tu.

"Haboba," nikamwambia, "hiyo kadi haitaongea hata kwa binti yako."

Kicheko chake kilizimika taratibu. Hakunilaumu. Alinipa kadi, akakaa juu ya kifurushi chake. "Mimi nakaa hapa. Nikitoka, watapakia gunia mahali yangu. Wewe kimbia."

Nilipanda bodaboda mpaka Kator. Njia nzima nilikuwa napanga: nitatafuta ile programu kwenye intaneti, nitaivuta, nitageuza. Nikaingia kibandani. Mjomba alikuwa amekwenda kutafuta petroli, maana mjini ilikuwa haipatikani tena, lakini alikuwa ameiacha kompyuta imewashwa. Skrini nzima ilikuwa ya buluu, kiduara kinazunguka, na maneno ya Kiingereza: inajisasisha, asilimia kadhaa, usizime kompyuta yako.

Nikasubiri. Kiduara kikazunguka. Asilimia haikusogea. Nikabonyeza vitufe vyote ninavyovijua, hakuna kilichosikia. "We, mimi nimekukosea nini?" nikaiambia kwa sauti. "Kuna mtoto hana jina! Jisasishe kesho!" Nilikuwa ninapiga meza kwa kiganja.

Kinyozi akatokea. Mteja wake alikuwa amekaa nyuma na nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Sista, unapigana na nani?"

Nikamweleza haraka, hovyo hovyo. Akakuna kidevu.

"Kugeuza sauti? Si ile programu uliniwekea mwaka jana, ya kutoa ngoma kwa video?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Laptopu yake! Ule mfumo wetu wa zamani ulikuwa mzima ndani yake, na vinywele vya watu wote wa Kator katikati ya vitufe. Tukaichomeka kwenye waya wetu, kwa sababu betri yake ilikufa zamani na jenereta tulikuwa tunatumia moja. Ikaanza kujinyoosha, polepole, jinsi ninavyoijua. Nikaona kile kitufe pembeni chini na karibu nikibusu.

Jenereta ikakohoa.

Petroli ilikuwa inaisha, na kwa petroli ya mwisho haikuweza kubeba kila kitu. Taa ikafifia, mashine ya kunyolea ikanguruma kwa uchovu, laptopu ikazimika ikabidi niiwashe upya.

"Kuna kitu lazima kitoke," kinyozi akasema. "Na mimi siwezi kumtoa huyu mzee hivi alivyo."

"Msinitoe!" mteja akapaza sauti akishika ile nusu yake. "Nina harusi!"

Nikageuka kwa kompyuta yetu. Usizime kompyuta yako. Ilikuwa imeandika vizuri, kwa herufi nyeupe, kama mtu mwenye adabu. Nilimfikiria mjomba na leso yake. Halafu nikamfikiria haboba juu ya kifurushi, na mtoto anayeitwa 'wewe'. Nikainama chini ya meza nikachomoa waya.

Buluu ikafa. Jenereta ikavuta pumzi, ikarudi sauti yake. Laptopu ikafunguka, nikatia kadi, nikaifungua ile programu ndogo, na mistari ya kugeuza ikatembea mpaka mwisho bila kuniuliza mimi ni nani wala niko mji gani. Nikaijaribu kadi kwenye redio ya kibandani, sauti nimeizima yote mpaka chini. Nilitazama namba tu. Sekunde zikaanza kuhesabika. Ilikuwa inaongea, na hakuna aliyeisikia.

Tishari ilikuwa bado. Mungu abariki ucheleweshaji wa tishari. Haboba alikuwa palepale, na yule mwanajeshi alikuwa amempa kiti chake cha plastiki. Alipotuona na redio tena, akanyoosha mkono, na haboba akamkabidhi mwenyewe, anatabasamu, kadi niliyomrudishia ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Mwanajeshi akawasha. Sasa ilikuwa taarifa ya habari.

"Na jina?" akauliza.

"Limelala," haboba akamjibu.

Haboba aliitia kadi redioni pale tu mpishi wa tishari alipokuja kuipokea, akamwapisha asiwashe njiani.

Kompyuta yetu haikuamka. Mjomba alirudi na kidumu chenye petroli kidogo, akabonyeza, skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja unapepesa.

"Uliizima?"

"Niliizima, mjomba."

"Na ilikuandikia usizime?"

"Iliandika."

Alikaa kwenye benchi, akaikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena. Ilikuwa vibaya kuliko kama angenipigia kelele. Fundi alipopigiwa simu alisema atakuja barabara ikiwa salama, na barabara mwaka ule haikuwa salama kwa miezi. Muda wote huo nilichapa barua kwenye laptopu ya kinyozi, kati ya wateja wake, huku ananidai nimpishe apige muziki. Fundi alipokuja hatimaye aliweka mfumo ule ule mpya. Nilimwomba, nilimsihi. "Dada, utauzoea," akasema. Vibao vikarudi kupepea.

Kadi ilirejea mvua zilipoanza, wamerekodi jibu kule kwa simu ya mtu, mikononi mwa mpishi yule yule. Haboba aliileta mwenyewe kutoka Lemon Gaba, miguu imejaa tope. Niliitia kwenye kompyuta. Mfumo ukaniuliza kama ninataka kufungua kitu hiki kwa programu gani, ukanitajia nne, na zote nne zikakataa.

"Imesema nini?" haboba akauliza.

"Haijasema kitu, haboba. Inauliza maswali."

Nikaichomoa nikaitia kwenye redio yetu. Kwanza mvumo, halafu kuku, halafu sauti ya mwanamke anamwita mtoto kwa jina, anarudia, anarudia, na mtoto anaguna kila anapoitwa. Nikataka kuziba masikio. Haboba akanishika mikono.

"Sasa sikia," akasema. "Limeshafika kwa mwenyewe."